Koo Halilazimishwi: Kuchagua Dawa ya Usingizi kwa Barakoa ya Koromeo katika Upasuaji Mdogo

Neno "upasuaji mdogo" limewazoesha wengi kudhani kwamba usingizi wake nao ni mdogo. Kuondoa uvimbe wa mafuta begani, kutoa fundo katika titi, kurekebisha ngiri ya mtoto au kusafisha jipu ni kazi zinazoweza kumalizika kwa dakika 20 hadi 40, na aghalabu mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Hata hivyo, kwa mtaalamu wa usingizi hakuna pumzi ndogo na pumzi kubwa. Mgonjwa aliyelala kwa nusukaputi, awe anaondolewa fundo au anapasuliwa tumbo, ulimi wake umelegea na amepoteza uwezo wa kuilinda njia yake ya hewa. Ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika chache huanza kudhurika, na hauulizi kama upasuaji ulikuwa mkubwa au mdogo.

Makala haya yanazungumzia uamuzi mmoja unaofanyika kabla ya daktari wa upasuaji kushika kisu: ni dawa gani itumike kumlaza mgonjwa anayetarajiwa kuwekewa barakoa ya koromeo. Hoja yake ni kwamba dawa ichaguliwe kwa kuliangalia koo la mgonjwa na kifaa kitakachowekwa, si kwa kuangalia tu kilichobaki rafuni. Pale dawa ifaayo inapokosekana, kinachopaswa kubadilishwa ni kifaa au mpango mzima wa usingizi, wala si koo la mgonjwa kulazimishwa. Sehemu kubwa ya makala inawahusu watoa huduma, na sehemu ya mwisho inawahusu wagonjwa na ndugu zao. Lakini kila upande utanufaika kwa kusoma ya mwenzake.

Kifaa kilichopata dawa yake

Kwa miongo mingi njia kuu za kuilinda pumzi ya mgonjwa aliyelala zilikuwa mbili. Ya kwanza ni barakoa ya usoni, ambayo hushikiliwa kwa mkono muda wote wa upasuaji huku mkono wa pili ukiuminya mfuko wa kupumulishia. Ya pili ni mpira wa kupumulia unaopitishwa katikati ya nyuzi za sauti hadi ndani ya trakea, yaani bomba kuu la hewa. Njia ya kwanza huchosha mikono na hailindi vizuri. Ya pili ni imara lakini huhitaji ustadi mkubwa na, mara nyingi, dawa ya kulegeza misuli.

Mwaka 1981 daktari wa usingizi wa Uingereza, Archie Brain, alibuni njia ya kati akiwa London. Alichunguza maumbo ya plasta yaliyotokana na makoo ya maiti, akatengeneza kikombe kidogo chenye ukingo unaojazwa hewa, kilichounganishwa na mrija. Kikombe hicho hakipenyi kwenye nyuzi za sauti, bali hukaa juu ya zoloto kama kifuniko juu ya chungu, ncha yake ikiwa imelala mahali umio unapoanzia. Maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1983, na mwaka 1988 kifaa kikaanza kuuzwa Uingereza. Baadaye zilifuata aina zenye mfereji wa pili wa kutolea gesi na majimaji ya tumbo, na aina kama i-gel, yenye ukingo laini usiojazwa hewa.

Kuna jambo katika historia hii ambalo watumiaji wa kifaa hiki hawana budi kulikumbuka. Miaka miwili kabla ya barakoa ya koromeo kuingia sokoni, yaani mwaka 1986, dawa iitwayo propofoli ilikuwa imeanza kuuzwa nchini humohumo. Kifaa kilihitaji koo lililotulia bila dawa ya kulegeza misuli, na dawa hiyo ililituliza koo kuliko zote zilizotangulia. Vilisaidiana kuenea. Katika hospitali zetu nyingi, hata hivyo, viwili hivyo havikufika kwa pamoja. Yawezekana kukuta barakoa za koromeo zimejaa kabatini ilhali propofoli imekwisha wiki mbili zilizopita, na kinachosalia ni ketamini na thiopentoni. Mtoa huduma akishika kifaa kwa sababu tu kipo, na dawa kwa sababu tu ipo, bila kujiuliza kama vinaendana, hapo ndipo matatizo huanzia.

Koo linahitaji nini

Koo la binadamu ni mlinzi asiyelala upesi. Tone la maji likipotea njia tunakohoa. Kidole kikigusa nyuma ya ulimi tunapata kichefuchefu. Usingizi ukiwa mwepesi, mlinzi huyu bado yu macho hata kama mgonjwa haitikii tena anapoitwa jina. Akiguswa na kifaa, hujibu kwa kuuma meno, kukohoa, kutapika, au kwa jibu lililo baya kuliko yote: nyuzi za sauti hujifunga na kukataa kufunguka. Hali hii ya mwisho tuiite mkakamao wa zoloto. Kifua huvuta lakini hewa haiingii, na oksijeni ya damu hushuka haraka, hasa kwa watoto.

Mgonjwa anayewekewa mpira wa kupumulia aghalabu hupewa dawa ya kulegeza misuli, hivyo nyuzi zake za sauti hazina nguvu ya kujifunga. Mgonjwa wa barakoa ya koromeo kwa kawaida hapewi dawa hiyo, kwa kuwa tunataka apumue mwenyewe wakati wa upasuaji. Kwa hiyo kazi yote ya kulituliza koo huangukia dawa ya usingizi na wasaidizi wake. Dawa inayofaa hutambuliwa kwa sifa nne: ilegeze taya ili mdomo ufunguke, iyazime majibu ya koo, isiiangushe mno presha ya damu, na imruhusu mgonjwa kurudia kupumua na kuamka mapema. Hakuna dawa iliyo kamili katika sifa zote nne. Ufundi ni kujua ipi inapungukiwa na nini.

Propofoli

Propofoli ni dawa nyeupe kama maziwa, kwa sababu imeyeyushwa katika mafuta ya soya pamoja na lesithini ya kiini cha yai. Kwa mtu mzima mwenye afya, dozi ya kuwekea barakoa ya koromeo ni miligramu 2 hadi 2.5 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 atahitaji miligramu 120 hadi 150, ambazo ni mililita 12 hadi 15 za dawa yenye miligramu 10 kwa mililita. Mgonjwa hulala ndani ya dakika moja, taya hulegea, koo hutulia, na dozi moja ikiisha nguvu huamka baada ya dakika 5 hadi 10 akiwa na akili timamu na kichefuchefu kidogo. Kwa sifa ya kwanza, ya pili na ya nne hakuna dawa ya mshipani inayoishinda, na ndiyo maana inapaswa kuwa chaguo la kwanza kwa kifaa hiki.

Upungufu wake uko katika sifa ya tatu. Hushusha presha, hasa kwa wazee, wenye maradhi ya moyo na waliopungukiwa maji au damu. Pia huisitisha pumzi kwa muda, kwa hiyo asiyeweza kumpumulisha mgonjwa kwa barakoa ya usoni hapaswi kuigusa. Wasomaji wengi walilisikia jina la dawa hii kwa mara ya kwanza mwaka 2009, mwanamuziki Michael Jackson alipofariki baada ya kupewa nyumbani kwake, pasipo vifaa vya kutosha vya kumfuatilia. Kilichokosekana pale ni ulinzi wa pumzi.

Mambo mawili madogo yasisahaulike. Propofoli huuma inapoingia mshipani. Chagua mshipa mkubwa wa mkono, na lignokeini kidogo kabla yake husaidia. Vilevile, mafuta yake ni chakula kizuri cha bakteria. Chupa iliyofunguliwa isiwekwe kwa ajili ya kesho, wala isigawanywe kwa wagonjwa kadhaa kwa jina la kubana matumizi.

Thiopentoni

Thiopentoni imetumika tangu mwaka 1934, na bado ni rafiki wa hospitali nyingi kwa kuwa ni ya bei nafuu na unga wake hudumu bila jokofu. Kwa dozi ya miligramu 3 hadi 5 kwa kilo humlaza mgonjwa haraka na kwa utulivu. Uzuri huo wa nje ndio unaodanganya. Kope hunyamaza na mgonjwa huonekana kazama usingizini, kumbe koo lake bado li macho. Ukiingiza barakoa ya koromeo wakati huo, kikohozi, kuuma meno na mkakamao wa zoloto hutokea zaidi kuliko kwa propofoli. Kwa mwenye pumu hatari huongezeka.

Thiopentoni peke yake, basi, haifai kwa kifaa hiki. Ikilazimika kutumika, isaidiwe: lignokeini ya kupuliza kooni kabla ya kulaza, fentanili kidogo, au usingizi kuongezwa kina kwa dawa ya kuvuta kabla ya kuingiza kifaa. Kwa msaada huo hali ya koo hukaribia ile ya propofoli. Kuongeza dozi ya thiopentoni yenyewe ili kulishinda koo ni njia mbaya, kwani presha itaanguka na mgonjwa atachelewa kuamka.

Ketamini

Hakuna dawa ya usingizi iliyookoa maisha mengi katika mazingira yetu kama ketamini. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na kuidhinishwa huko mwaka 1970. Huondoa maumivu, huinua presha, hupanua mirija ya mapafu, na kwa kawaida humwacha mgonjwa akiendelea kupumua. Mahali ambapo umeme hukatika na mtungi wa oksijeni ni mmoja, sifa hizo hazina mfano.

Lakini sifa hizohizo ndizo zinazogombana na barakoa ya koromeo. Ketamini huliacha koo likiwa na sehemu kubwa ya majibu yake, hukaza taya na kuongeza mate. Mate yakigusa nyuzi za sauti huchochea mkakamao. Kwa hiyo kumlaza mgonjwa kwa ketamini pekee, kisha kumsukumia kifaa kooni, ni kuamsha ugomvi usio wa lazima. Kama upasuaji ni mfupi na ketamini ndiyo iliyopo, mara nyingi mgonjwa hahitaji kifaa chochote kooni: kichwa na taya viwekwe vizuri, apewe oksijeni, mashine ya kufyonza iwe karibu, atropini itumike pale mate yanaposumbua, na mtu mmoja asiondoe macho kwenye pumzi yake.

Ketamini ina nafasi nyingine kama msaidizi. Dozi ndogo ya miligramu 0.5 kwa kilo, ikifuatiwa na propofoli, hupunguza kuanguka kwa presha na bado huacha koo tulivu. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake unatutia wasiwasi, mchanganyiko huu ni busara kuliko propofoli nyingi peke yake.

Dawa za kuvuta

Sevoflureni haina harufu kali na haikwaruzi koo, kwa hiyo huweza kumlaza mgonjwa kwa kuvuta tu. Faida yake kubwa ni kwamba pumzi haikatiki ghafla, na mtoto anayeogopa sindano huwekewa kanula akiwa amekwisha kulala. Hasara yake ni kwamba taya huchelewa kulegea kuliko kwa propofoli, hivyo asiye na subira huingiza kifaa mapema mno. Halothani, ambayo bado ipo katika baadhi ya hospitali, hufanya kazi hiyohiyo polepole zaidi, na huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Isoflureni ina harufu kali inayochochea kikohozi. Ifae kuendeleza usingizi, isitumike kuuanzisha.

Wasaidizi na wakati wake

Fentanili, kwa mikrogramu 1 kwa kilo, ikitolewa dakika 2 au 3 kabla ya propofoli, hupunguza dozi ya propofoli inayohitajika na kulituliza koo zaidi. Malipo yake ni kwamba pumzi husita kwa muda mrefu kidogo. Midazolamu kidogo hupunguza hofu na dozi, lakini humchelewesha mgonjwa kuamka, jambo lisilopendeza kwa anayetarajiwa kwenda nyumbani jioni. Kanuni ni kuongeza msaidizi kwa sababu inayotajika, si kwa mazoea.

Baada ya dawa kuingia, kosa linalotokea mara nyingi ni haraka. Kope kunyamaza si dalili ya kutosha. Dalili bora ni taya: weka vidole nyuma ya pembe zake na ulisukume mbele kwa nguvu. Mgonjwa akijikunja, akikaza shingo au akisogeza mkono, koo halijawa tayari; ongeza dawa kidogo, mpumulishe, subiri. Asipojibu na taya likawa jepesi mkononi, ingiza kifaa kilichopakwa jeli, kwa ukubwa ufaao: namba 2 kwa mtoto wa kilo 10 hadi 20, namba 3 kwa kilo 30 hadi 50, namba 4 kwa kilo 50 hadi 70, na namba 5 kwa walio zaidi ya hapo, ukithibitisha na maandishi ya mtengenezaji kwani aina hutofautiana. Kama kipo kipimo cha shinikizo la ukingo, lisizidi sentimita 60 za maji. Hakikisha kifua kinapanda, mlio wa hewa hautoki kooni, na kipimo cha hewa chafu inayotolewa, pale kilipo, kinaonyesha mawimbi. Haraka haraka haina baraka, na hakuna mahali methali hii ilipo ya kweli kama kwenye kichwa cha meza ya upasuaji.

Mkakamao wa zoloto ukitokea, kila aliye chumbani ajue kazi yake: kichocheo kiondolewe, oksijeni asilimia 100 itolewe kwa barakoa ya usoni iliyobanwa vizuri, taya lisukumwe mbele, na usingizi uongezwe kina kwa propofoli kidogo, kama miligramu 0.5 kwa kilo. Koo likikataa kufunguka, suksamethoniamu itumike bila kungoja oksijeni iporomoke, na kwa mtoto atropini iwe tayari. Dawa hizi ziwe zimeandaliwa kabla mgonjwa hajalala, si za kutumwa muuguzi akazitafute famasi.

Wagonjwa wanne, majibu manne

Tuchukue mifano minne ya kawaida.

Wa kwanza ni mwanamke wa miaka 30, mwenye pumu iliyodhibitiwa, anayeondolewa fundo katika titi. Amefunga kula tangu usiku. Kwake barakoa ya koromeo ni chaguo zuri kuliko mpira wa kupumulia, kwa kuwa haiigusi trakea, na propofoli hutuliza mirija ya mapafu. Atumie kwanza dawa yake ya kuvuta ya pumu, kisha apewe fentanili na propofoli. Thiopentoni iachwe.

Wa pili ni mzee wa miaka 76 mwenye presha ya kupanda, anayeondolewa uvimbe mkononi. Swali la kwanza ni kama anahitaji nusukaputi kabisa, kwani ganzi ya mkono pekee huenda ikatosha. Ikiwa lazima alale, propofoli ipunguzwe hadi miligramu 1 au 1.5 kwa kilo na itolewe polepole. Damu ya mzee huzunguka taratibu, hivyo dawa huchelewa kuonyesha nguvu yake. Anayeongeza dozi baada ya sekunde 20 kwa kudhani haijatosha hujikuta na presha iliyoanguka dakika moja baadaye.

Wa tatu ni mtoto wa miaka 4 mwenye kilo 16, aliyeletwa kurekebishwa ngiri. Sevoflureni ya kuvuta, au halothani kwa subira zaidi, kisha barakoa namba 2, ni mpango mzuri. Lakini kama leo ana homa, makamasi mazito na kikohozi cha kifuani, hakuna dawa iliyo bora. Koo lake limewaka, na mkakamao ni rahisi kutokea. Ngiri isiyobana inaweza kusubiri wiki kadhaa, na kuahirisha hapa ni tiba.

Wa nne ni kijana wa bodaboda aliyechanika mguu. Alikula wali saa moja kabla ya ajali, na sasa ni saa tano tangu aumie. Saa sita zimetimia kwa hesabu ya saa, lakini si kwa hesabu ya tumbo, kwani maumivu na mshtuko huzuia chakula kushuka. Barakoa ya koromeo haizuii matapishi kuingia mapafuni, kwa hiyo hapa haifai, hata kama propofoli ipo tele. Sindano ya ganzi ya mgongoni, kama hajapoteza damu nyingi, au mpira wa kupumulia unaowekwa kwa utaratibu wa haraka, ndiyo njia zake. Hukumu hiyohiyo inawahusu wenye mimba kubwa, walioziba utumbo na wenye kiungulia kikali.

Rafu inapokuwa tupu

Katika nchi zetu sehemu kubwa ya huduma ya usingizi hutolewa na wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo ya fani hiyo, wengi wao wakiwa peke yao zamu nzima. Ni wao hasa wanaoombwa "wafanye tu" kwa kilichopo. Ushauri wangu kwao ni kuibadili orodha ya maswali. Badala ya kuanza na "nina dawa gani?", tuanze na "mgonjwa huyu anahitaji ulinzi gani wa pumzi?", kisha "dawa niliyonayo inaruhusu ulinzi huo?" Jibu likiwa hapana, ziko njia nyingine za heshima: ganzi ya sehemu, ganzi ya mgongoni, ketamini bila kifaa kooni, mpira wa kupumulia pamoja na dawa ya kulegeza misuli, au kuahirisha upasuaji usio wa dharura. Kuahirisha si aibu, na hakuna mkubwa wa kazi mwenye haki ya kumwona mtoa huduma mwoga kwa kuahirisha.

Wasimamizi wa hospitali nao wana sehemu yao. Propofoli na ketamini zote zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Anayeagiza barakoa za koromeo aagize pia dawa inayoendana nazo, pamoja na suksamethoniamu, mashine ya kufyonza na kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Kifaa kilichonunuliwa peke yake hakijakamilika.

Kwa mgonjwa na ndugu zake

Huhitaji kujua majina ya dawa, lakini maneno yako hubadilisha uchaguzi wetu. Usile chakula saa 6 kabla ya usingizi. Uji ni chakula, na chai ya maziwa pia ni chakula. Mtoto anayenyonya aache saa 4 kabla. Maji matupu au chai ya rangi huruhusiwa hadi saa 2 kabla, isipokuwa umeelekezwa vingine. Ukiwa umekula, sema. Hutagombezwa, utapangiwa upya au utapewa njia iliyo salama.

Tueleze pia kama una pumu, mafua ya karibuni, kiungulia cha mara kwa mara, kisukari, presha, ujauzito au jino linalocheza. Taja dawa zote unazotumia, za hospitali na za miti shamba. Pombe, mirungi, bangi na dawa za kulevya tunaziulizia ili kupima dozi, si kukuhukumu, na majibu yako ni siri ya tiba. Kama yupo ndugu wa damu aliyepata homa kali ya ghafla au kufariki akiwa kwenye usingizi, tuambie kabla ya yote, kwani yapo maradhi ya kurithi yanayotulazimu kuziepuka kabisa dawa za kuvuta na suksamethoniamu. Mwenye mzio wa mayai naye aseme. Wengi wao huweza kupewa propofoli salama, lakini ni vizuri tujue.

Unayo haki ya kuuliza: Nani ataniangalia wakati wote nikiwa nimelala? Je, kipimo cha oksijeni kitakuwa kidoleni mwangu? Mtaalamu makini hatachukizwa na maswali hayo. Baada ya upasuaji koo linaweza kuwasha au kuuma kidogo kwa siku moja au mbili. Kwa saa 24 usiendeshe chombo cha moto, usisaini hati nzito, na mtu mzima akae nawe usiku wa kwanza. Rudi hospitali mara moja ukipata shida ya kupumua, ukishindwa kumeza au ukipata homa na kikohozi.

Na ukiambiwa kwamba upasuaji wako mdogo umeahirishwa kwa sababu dawa ifaayo haipo au mafua hayajaisha, usione kwamba umepuuzwa. Aliyekurudisha nyumbani leo amelipima koo lako, amekiangalia kilichomo rafuni, akaona haviendani. Uvimbe wa mafuta utakuwepo wiki ijayo, na siku dawa yake itakapofika utaondolewa.